Ni guu lipi? Barua ya wazi kwa wanaosimamia mpira wa kikapu Lamu

Kwa waheshimiwa mnaosimamia michezo ya shule na mafunzo ya waamuzi katika Kaunti ya Lamu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa shule na mwamuzi wa mpira wa kikapu. Kwa zaidi ya miaka kumi nimepuliza kipenga katika viwanja vya hapa kisiwani na vya bara, ng'ambo ya Mokowe. Naandika kuhusu sheria moja tu, ile ya kutembea na mpira, ambayo watoto wetu huipazia sauti "stepsi!" hata kabla refa hajafikisha kipenga mdomoni. Naandika kwa sababu niliivunja mimi niliyepewa kuilinda, na tangu siku hiyo nimeona wenzangu wakiivunja vilevile bila kujua.

Ilikuwa mechi ya wasichana, robo ya nne, dakika ya mwisho. Timu moja imetangulia kwa pointi moja. Nahodha wa timu iliyokuwa nyuma, msichana mwembamba aliyebana mtandio wake sawasawa kichwani, alitoka na mpira katikati ya uwanja akiudunda kwa mkono wa kulia. Alipokaribia kikapu akaufumbata kwa mikono yote miwili huku mguu wake wa kulia ukiwa bado umekanyaga chini. Akatupa wa kushoto, akatupa wa kulia, akaruka. Mpira ukagonga ubao ukaingia. Wenzake walikwisha kurukaruka kwa furaha mimi nilipopuliza. Nikazungusha ngumi zangu mbili mbele ya kifua, ishara ya kutembea na mpira, nikakifuta kikapu, nikawapa wapinzani mpira wautie ndani kutoka pembeni.

Yule msichana hakupiga kelele. Alinijia polepole, mikono nyuma, akaniuliza kwa Kiamu chetu: "Mwalimu, ni guu lipi?"

Alikuwa nahodha. Sheria inampa nahodha ruhusa ya kumuuliza mwamuzi kwa adabu, mpira ukiwa umekufa, yaani hauchezwi, na saa imesimama. Aliuliza kwa adabu, kwa wakati wake, na swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Nilimwambia arudi mahali pake. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona haraka, nimeona miguu mingi, nimesikia benchi la upande wa pili likipiga kelele, nikapuliza. Mechi ikaisha kwa pointi ileile moja. Timu yake ilikuwa imekuja kwa mashua tangu alfajiri, na ikarudi kwa mashua jioni.

Usiku ule mwalimu mmoja kijana alinionyesha tukio hilo kwenye simu yake. Tukalipunguza kasi, tukalisimamisha pale vidole vinapoufunga mpira, tukahesabu. Kisha nikafungua kitabu cha sheria, si kile cha picha nilichopewa chuoni bali kipya, nikasoma taratibu. Kikapu kilikuwa halali. Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni kwao, nikasimama mbele ya timu nzima nikawaambia kwamba kikapu kile kilikuwa chao. Nahodha alinitazama akasema, "Nilijua, Mwalimu." Ni maneno mawili tu hayo, na ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii.

Sheria yenyewe haina maneno mengi. Katika kitabu cha FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ni kifungu cha 25. Aliyeshika mpira uwanjani haruhusiwi kusogeza mguu mmoja au yote miwili kupita mipaka iliyowekwa. Mipaka hiyo ndiyo kazi. Aliyepokea mpira akiwa amesimama kwa miguu yote miwili ana hiari ya mguu: akiinua mmoja, ule uliobaki chini ndio unaomfunga. Makocha wanauita pivoti. Mimi nauita mguu wa nanga, na sijapata mtoto wa Lamu asiyeelewa mara ya kwanza. Mashua iliyotia nanga hugeuka. Maji yakijaa omo inatazama huku, yakipwa inatazama kule, lakini nanga yenyewe haitoki ilipochimbia. Ndivyo mchezaji anavyoweza kuzunguka apendavyo kwa mguu wa pili, mara moja au mara kumi, mradi nanga ibaki. Akitaka kudunda, mpira utoke mikononi kwanza ndipo nanga ing'oke. Akitaka kutoa pasi au kutupa kikapuni, anaweza kung'oa nanga na kuruka, ila mpira uwe umemtoka kabla mguu wowote haujarudi chini.

Ugumu unaanza mchezaji akiwa mbioni. Hapo sheria inampa hatua mbili, na ugomvi wote wa viwanjani kwetu ni wa wapi pa kuanzia kuhesabu. Jibu ni hili: hesabu inaanza baada ya mpira kuwa mikononi. Mguu uliokuwa tayari umekanyaga wakati mpira unashikwa hauhesabiwi; wengine wanauita hatua ya sifuri. Unaofuata kukanyaga ndio wa kwanza, unaofuata huo ndio wa pili, na kufikia hapo mchezaji awe amesimama, au mpira umemtoka kwa pasi au kwa kutupa kabla hajakanyaga tena. Na kama alipokea pasi akikimbia na anataka kuanza kudunda, basi mpira umtoke mkononi kabla ya hatua ya pili. Kulia sifuri, kushoto moja, kulia mbili, akaruka: ndivyo alivyofanya yule msichana. Mimi nilihesabu kulia moja, kushoto mbili, kulia tatu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwahi kufundishwa tena.

Mtu asidhani kwamba huu ni ulegevu ulioletwa na vijana wa siku hizi. James Naismith alipoandika sheria 13 za kwanza za mchezo huu kule Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, kukimbia na mpira kulikatazwa kabisa, aliyeupata autupe kutoka pale pale alipoupatia. Hata hivyo, katika sheria yake ya tatu, aliacha nafasi kwa mchezaji aliyeudaka akiwa katika mbio na anajitahidi kusimama. Mwili unaokimbia hausimami kwa amri, na mwalimu yule wa mazoezi ya viungo alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Waliokuja baadaye wamekuwa wakitafuta maneno mazuri zaidi ya kuieleza nafasi ileile.

Maneno tunayoyatumia leo yalianza kazi tarehe 1 Oktoba 2017. Tarehe hiyo ina jambo jingine linalotuhusu sisi hapa. Siku hiyohiyo ndipo ilipoanza kutumika ruhusa ya FIBA kwa wachezaji kufunika vichwa, ikawaondolea mabinti zetu kizuizi kilichokuwa kikiwafungia mashindano ya kimataifa. Habari ya mtandio niliisikia barazani, niliisikia msikitini, wazazi walinisimamisha njiani kuniuliza kama ni kweli. Habari ya miguu haikunifikia. Ilibaki ndani ya kitabu cha Kiingereza, kilekile chenye habari ya nguo. Kwa hiyo siku ile nilikuwa na msichana mbele yangu amevaa mtandio ulioruhusiwa na mabadiliko ya 2017, na amefunga kikapu kilichoruhusiwa na mabadiliko ya 2017. La kwanza nililijua, la pili nikamnyang'anya.

Waheshimiwa, hii ndiyo hoja yangu. Sheria hii haifundishwi hapa. Inatajwa. Asubuhi ya mashindano tunakusanywa waamuzi dakika chache kabla ya mechi ya kwanza, tunaambiwa tuwe makini na stepsi, tunagawiwa ratiba na chupa ya maji. Sisemi hivi kuwalaumu wanaotupangia, maana najua fedha za usafiri zinavyopatikana kwa shida na najua kuratibu timu za Faza, Kizingitini, Hindi na Mpeketoni zifike siku moja ni kazi ya kutoa jasho. Nasema kwa sababu kuambiwa uwe makini hakukupi cha kutazama. Nilikuwa makini sana siku ile.

Kwa kukosa mafunzo, kila mtu amejitafutia mwalimu wake kwenye simu, na hapo shida inaongezeka. Video nyingi za kufundisha waamuzi zinatoka Marekani, na Marekani hawana kitabu kimoja. NBA, ligi yao kuu ya kulipwa, wana chao. Shule zao za sekondari wana chao, na katika hicho cha shule hakuna sifuri: mguu uliokuwa chini mpira ulipodakwa ndio unaokuwa nanga. Sisi, kupitia Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya, tunafuata FIBA. Nimeshuhudia walimu wawili waungwana wakigombana mbele ya wanafunzi, kila mmoja na simu yake mkononi, kila mmoja na ushahidi wake, na wote wawili walikuwa wakisema kweli ya nchi nyingine.

Upande wa pili wa kosa hili unaniuma vilevile, kwa sababu hauonekani. Tunapuliza yasiyo makosa, na makosa yenyewe tunayaacha yapite. Mvulana anapokea pasi pembeni, anasimama kwa miguu miwili, anamdanganya mlinzi kwa bega, kisha anaondoka. Mguu wa nanga unanyanyuka, anaelea nusu hatua, ndipo mpira unapogusa chini. Hapo ametembea. Amempita mlinzi kwa faida ambayo sheria haimpi, na mlinzi aliyesimama vizuri anaonekana mzembe. Hakuna anayepiga kelele, kwa kuwa mwendo ule ni laini na unapendeza. Lakini binti akijitupa chini kugombea mpira, akaudaka na kuteleza nao kwa magoti, uwanja mzima unalia "stepsi!" na refa anapuliza. Kuteleza kule si kosa. Kosa ni akibingiria nao au akijaribu kuinuka ungali mikononi mwake. Vivyo hivyo anayeparazwa na pasi, mpira ukamrukaruka vidoleni huku anapiga hatua tatu akiukimbiza: hajaumiliki bado, kwa hiyo hana cha kutembea nacho. Na anayeudunda kwa mbio apige hatua kumi kati ya mdundo na mdundo akiweza, hahesabiwi hata moja.

Tunapuliza kinachotuchusha macho. Hilo ndilo tatizo letu, nami nalisema nikijua nimo. Mwendo usio wa kawaida si lazima uwe haramu, na mwendo mzuri si lazima uwe halali. Mwamuzi anayetazama mpira hawezi kuzitofautisha hali hizi mbili, kwa sababu jibu liko chini, sakafuni, na lilikwisha kutokea kabla hajashuka kulitazama. Uwanja una mita 28 kwa 15 na mara nyingi tuko wawili tu. Aliye karibu na mwenye mpira lazima awe amekwisha kuiona miguu pale mpira unapopokelewa. Mwenzake aliye mbali aache kumpulizia kutoka upande wa pili kwa kubahatisha. Anayeanza kutazama baada ya kuhisi jambo amechelewa, na akipuliza atakuwa amekisia.

Pale Mkunguni wazee wanacheza bao. Keti hapo mchana mmoja uone mtu akijaribu kutembeza kete isivyo. Hahitajiki refa. Aliyekaa pembeni na kahawa yake atasema, mtoto aliyepita na punda atasema, kwa sababu sheria ya bao imo ndani ya lugha yao, ina majina yake, mtaji, kutakata, nyumba, na kila jina lina kitu kinachoonekana kwa macho. Sheria ya mpira wa kikapu tumeipokea ikiwa na majina ya Kiingereza ambayo hata mwalimu anayatamka kwa kusitasita, halafu tunashangaa kwamba mtoto wa darasa la saba haioni.

Naomba tuiandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, iende kila shule yenye kikapu. Mguu wa nanga, sifuri, moja, mbili. Kama kuna aliye na maneno mazuri kuliko haya yangu, nitayatumia yake kwa furaha.

Na naomba mafunzo ya siku mbili kabla ya msimu, uwanjani, tukiwa tumevaa raba. Nimejaribu jambo dogo na wanafunzi wangu na nataka kulieleza, maana halina gharama. Naweka mpira juu ya stuli. Mtoto anakuja mbio, anauchukua bila kusimama, na pale vidole vinapoufunga anataja kwa sauti mguu uliokanyaga: "kulia, sifuri!" Kisha moja, kisha mbili, kisha anaruka. Wanaozunguka wanapiga makofi kwa kila hatua, ila sifuri haipigiwi kofi. Baada ya nusu saa masikio yao yenyewe yanagundua kofi la tatu. Watoto wa Lamu wamelelewa na ngoma. Ukiwapa hesabu ndani ya mdundo hawaipotezi.

Waamuzi nawapa zoezi jingine. Wanasimama wawili wawili. Mmoja anatazama mpira peke yake na anasema "sasa" unaposhikwa. Mwenzake haruhusiwi kuutazama mpira kabisa. Anatazama miguu, na akisikia "sasa" anataja nanga, kulia au kushoto. Mtu wa tatu anarekodi kwa simu. Tukirudia picha taratibu tunakuta mara za mwanzo tunakosea sana, mimi nikiwemo. Siku ya pili makosa yanapungua. Hiyo ndiyo siku ambayo mwamuzi anaanza kuacha kupuliza asichokiona, na naiona kuwa na thamani kuliko semina nzima ya kusomewa vifungu ukumbini.

Kuna na suala la mchanga. Viwanja vyetu vingi ni saruji iliyo karibu na pwani, na Kaskazi ikivuma asubuhi tunakuta tabaka jembamba limetanda mpaka chini ya kikapu. Juu ya mchanga ule nanga inaburuzika hata kwa mchezaji aliyefanya kila kitu sawa, na kuburuzika ni kosa. Mwamuzi anabaki na machaguo mawili mabaya: ampulizie mtoto kosa la uwanja, au afumbe macho na kesho ashindwe kumpulizia anayeburuza makusudi. Dawa yake ni ufagio wa chelewa na watu wawili, robo saa kabla ya mechi na tena wakati wa mapumziko. Liandikwe kwenye ratiba kama inavyoandikwa saa ya kuanza.

Mwisho, naomba tukubaliane kwamba nahodha akiuliza kwa adabu, ajibiwe. Si lazima tubishane, na uamuzi ukitolewa umetolewa. Lakini anayepuliza kosa la kutembea awe anaweza kusema ni mguu gani ulikuwa nanga na ulifanya nini. Asiyeweza kutaja mguu asipulize. Nimejiwekea sharti hilo mwenyewe tangu siku ile, na katika msimu wangu wa kwanza nililazimika kukiacha kipenga kikining'inia kifuani mara nyingi, huku makocha wakinikasirikia kwa kukaa kimya. Nilivumilia. Sasa nikipuliza, nanyoosha kidole kuelekea mguu wenyewe kabla sijazungusha ngumi. Ishara hiyo haimo kitabuni, na mkiniambia niiache nitaiacha. Ila wachezaji wanatazama kidole, wanatazama mguu, na wanarudi kulinda.

Uwanja wa shule yetu uko wazi Jumamosi zote mbili za mwanzo wa mwezi ujao. Stuli ipo, fagio zipo, mipira minne ipo, na yule mwalimu kijana amekubali kuja na simu yake. Walio bara watahitaji nauli ya mashua kutoka Mokowe na chakula cha mchana; hilo ndilo ninaloomba kwenu, pamoja na barua ya kuwaruhusu walimu watoke. Nahodha wa siku ile amekwisha kumaliza shule. Nimemwomba awe miongoni mwa watakaokuja kujifunza kupuliza, na amekubali.

Nasubiri mnipe tarehe.

Wenu katika kazi,
Mwalimu na mwamuzi wa mpira wa kikapu,
Lamu